Msimnyang'anye Mtoto Picha Zake

Kuna kauli inayonikera kila niisikiapo katika nyumba zetu hapa Malindi: "Huyu ameshakuwa mkubwa, vitabu vya picha vya nini?" Mtoto akifika darasa la nne hivi, picha zinahesabiwa ni mambo ya chekechea. Anapewa maandishi matupu, tena ya mtihani, na mwaka haujaisha tunalalamika kwamba hapendi kusoma.

Mpwa wangu ana miaka tisa. Likizo iliyopita alizama katika riwaya ya upelelezi ya watoto, yenye picha kila baada ya kurasa chache. Bibi yake akimwita ale, anaitika "Naam, naja," na haji. Kusoma kwake si ajabu, maana husoma hata gazeti lililofungiwa maandazi. Kilichonishangaza ni namna alivyosoma kile kitabu. Anakwenda mbele, anarudi nyuma, kidole kimoja kiko kwenye picha ya mwanzo, kingine kwenye ya katikati. "Mjomba, hebu tazama. Hapa dirisha limefungwa, na yeye anasema aliliacha wazi." Mama yake, aliyemsomea sura hiyo kwa sauti, hakuwa ameliona dirisha lolote.

Katika hadithi nyingine picha hupamba. Katika hadithi ya upelelezi picha ni shahidi. Mhusika anaweza kudanganya, mwandishi naye anaweza kumficha mwizi ndani ya sentensi ndefu, lakini mchoraji akichora dirisha hana budi alichore ama limefungwa ama li wazi. Mtoto hulitambua hilo upesi kuliko sisi tunaorukia maandishi. Na akiona picha na maneno havipatani, huyarudia maneno kwa makini ambayo hakuna mwalimu angeweza kumlazimisha kuwa nayo. Halafu tunaambiwa picha zinamzuia mtoto kusoma!

Wapo wanaosema akichungulia ukurasa wa mwisho utamu umekwisha. Alichungulia, nilimwona. Akaendelea kusoma vilevile, sasa akimchunguza mwandishi badala ya mwizi: dalili zote zilitolewa, au kuna iliyofichwa? Ni haki ileile tunayoidai kwenye kitendawili. Nikishatoa mji, jibu nipewalo liwe linaingia.

Kitabu kilipokwisha nilimpeleka Gede, kwenye magofu ya mji wa kale, si mbali kwa matatu. Mji ule ulihamwa karne nyingi zilizopita, na hadi leo wataalamu hawajaafikiana kwa nini. Wengine hutaja uvamizi wa Wazimba waliotoka kusini, wengine wa Waoromo waliotoka kaskazini, wengine husema maji ya visima yalishuka. James Kirkman, aliyeanza kufukua magofu hayo mwaka 1948, aliacha nyumba nyingi zikijulikana kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: nyumba ya mkasi, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya kasha la pembe za ndovu. Ipo pia ya jahazi, lililochorwa ukutani. Kwa mtoto aliyetoka kwenye kitabu kile, hii ilikuwa karamu. Mwenye kututembeza alipoeleza habari za maji, akaulizwa papo hapo: "Kama walihama polepole kwa sababu ya maji, mbona mkasi waliuacha?" Yule bwana alicheka, akasema swali hilo hajaulizwa na watalii.

Kiswahili hakina uhaba wa upelelezi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitupatia mpelelezi wake Bwana Msa katika riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960, na wengi wamemfuata. Lakini vitabu hivyo ni vya watu wazima. Nikiingia madukani hapa mjini kutafuta cha mtoto wa miaka tisa, chenye fumbo na picha, naonyeshwa vitabu vya mazoezi. Cha mpwa wangu kilikuwa cha Kiingereza, na wizi wenyewe ulitokea kwenye theluji.

Wachapishaji wakiamua kutuandikia chetu, nawaomba jambo moja: mchoraji asiitwe mwishoni, hadithi ikiwa imeshakamilika, aambiwe ajaze nafasi zilizobaki. Akae na mwandishi tangu siku ya kwanza, wapange pamoja nini kitasemwa na nini kitaonekana tu. Na wakitaka kuianzia Gede, wajiandae kuueleza ule mkasi, maana yuko mtu atakayewauliza.