Diski ya Tano Isikae Benchi

Kuna mstari kwenye karatasi za ununuzi wa seva ambao kila nikiukuta naudhika upya: diski 5 za TB 8, nne zifungwe RAID 5 (safu ya diski inayostahimili kufa kwa diski moja), ya tano iwe spea ndani ya seva, yaani diski ya akiba. Aliyeuandika anaamini amejilinda mara mbili. Hajajilinda. Amenunua diski tano, halafu moja ameiweka ikae inawaka, inakula umeme na kuzeeka, bila kulinda hata biti moja mpaka mwenzake afe.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Nne kwa RAID 5 zinakupa TB 24. Zote tano kwa RAID 6, inayostahimili kufa kwa diski mbili, zinakupa TB 24 zilezile. Pesa ileile, nafasi ileile, trei zilezile. Kinachotofautiana ni usiku ule diski moja itakapokufa.

Kwenye RAID 5, spea inaitwa na kuanza kujazwa. Diski ya TB 8 ikiandikwa kwa MB 200 kwa sekunde, seva ikiwa imetulia kabisa, itachukua saa 11 na ushee. Seva yenye watumiaji haikupi kasi hiyo. Kazi inaweza kuvuka siku nzima. Muda wote huo diski tatu zilizobaki zinasomwa toka sekta ya kwanza hadi ya mwisho, jumla TB 24, na hakuna pariti iliyobaki (data ya ziada ya kukokotolea kilichopotea) ya kusahihisha chochote. Sasa soma karatasi ya mtengenezaji. Diski nyingi za bei nafuu zimeandikiwa hadi kosa moja lisilosomeka kwa kila biti trilioni 100, yaani kama TB 12.5. Haya, nakubali kwamba hicho ni kiwango cha juu, na diski nyingi hufanya vizuri zaidi ya hapo. Lakini hizi tatu zilinunuliwa siku moja na ile iliyokufa, pengine zilitoka boksi moja, na zimepigwa na joto lilelile miaka yote. Sekta mbovu iliyojificha chini ya faili ambalo hakuna aliyelifungua tangu mwaka juzi huibuka saa hiyo. Kuna kontrola (vifaa vinavyoiendesha safu) zitakazoitupa nje diski hiyo ya pili, na safu nzima ikazimika. Nyingine huacha tundu kwenye data na kuendelea, na utakuja kuligundua siku faili linapohitajika.

Usiku huohuo kwenye RAID 6, pariti moja bado ipo. Sekta mbovu inakokotolewa kutoka kwenye diski nyingine na kuandikwa upya, na kazi inaendelea. Hata diski ya pili ikifa kabisa, data ipo. Ulinzi huo unao tangu siku ya kwanza, hausubiri diski ife kwanza ndipo uanze kujengwa.

Wanaopinga husema RAID 6 inaandika polepole. Ni kweli: andiko dogo moja linahitaji kusoma mara tatu na kuandika mara tatu, wakati RAID 5 ni mbili na mbili. Kama una hifadhidata inayoandika mfululizo, nenda RAID 10, inayonakili diski kwa jozi bila pariti. Kwa mafaili ya ofisi, barua pepe na picha za kamera, tofauti hiyo haistahili kuhatarisha kazi za watu. Spea ya ndani nayo ina mahali pake: seva yenye safu kadhaa zinazogawana spea moja (kwenye mdadm.conf, faili la mipangilio la mdadm, programu ya Linux ya kusimamia RAID, ni spare-group), au tawi la mbali ambako fundi anafika baada ya siku mbili. Hapo iweke juu ya RAID 6, si badala yake.

Kama umeshafunga RAID 5 na spea, kwenye Linux hujachelewa. Chukua bakapu kwanza. Kisha ikague safu nzima (hapa jina lake ni md0) kwa kuandika check ndani ya /sys/block/md0/md/sync_action, na subiri imalize. Ndipo uendeshe mdadm --grow /dev/md0 --level=6 --raid-devices=5 --backup-file=/root/md0.bak. Faili hilo la --backup-file lisikae juu ya md0 yenyewe, na usiwe na haraka, kwa sababu ukubwa wa safu haubadiliki na kila kipande kinapitia kwenye faili hilo kabla ya kuandikwa. Kwenye ZFS, mfumo wa mafaili wenye RAID yake, hakuna njia ya kuigeuza raidz1 (pariti moja) kuwa raidz2 (pariti mbili). Ni kuhamisha data na kuunda upya.

Halafu kuna umri. Novemba 2019 kampuni ya seva HPE ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake za SAS zina hitilafu ya fimwea (programu iliyo ndani ya diski) inayoziua zikitimiza saa 32,768 za kuwaka, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8. Spea iliyokuwa ndani ya seva ilihesabu saa zilezile na wenzake. RAID 6 nayo isingekuokoa hapo. Bakapu ingekuokoa, na fimwea iliyosasishwa mapema.

Kwa hiyo nunua ya sita, na hiyo ikae kabatini. Siku ikifika, ipitishe smartctl -t long, kipimo kirefu cha afya ya diski, kabla ya kuihifadhi. Linganisha idadi ya sekta, kwa sababu TB 8 ya kampuni moja inaweza kupungua kidogo kwa ya nyingine, na mdadm itaikataa. Hakikisha si SMR, yaani diski ambayo njia zake za data zimepandiana: mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya WD Red za TB 2 hadi 6 ni za aina hiyo, na diski za SMR huhangaika sana kwenye kujenga upya.

Diski ikianza kuonyesha sekta zinazosubiri (zilizoshindwa kusomeka; namba 197 kwenye smartctl -a), usiifukuze. Weka mpya kwenye tundu tupu, uiongeze kwa --add, kisha mdadm /dev/md0 --replace /dev/sdd1 --with /dev/sdf1. Nakala inatoka kwa mgonjwa mwenyewe akiwa bado kazini, na pariti inatumika pale tu anaposhindwa kusomeka. Ikipanda namba 199 (makosa ya mawasiliano) peke yake, anza na kebo.

Kuchomoa ndiko kunakoua safu nyingi zilizokuwa zimeshapona. Herufi kama sdd hubadilika seva ikiwashwa upya, hivyo usizifuate. Soma namba ndefu ya diski (serial number) kwa smartctl -i, ilinganishe na lebo uliyobandika mbele ya trei siku ya kufunga, kisha washa taa ya trei kwa ledctl locate=/dev/sdd, ukiweka herufi ya sasa ya diski hiyo. Fungua klipu, vuta trei sentimita mbili au tatu tu, uisimamishe hapo kwa sekunde 30. Utahisi sahani zikizunguka mkononi, kisha zitulie. Ndipo uitoe. Kama hazizunguki wala hujahisi chochote, si ajabu, diski imeshakufa; kama ilikuwa inanguruma kwa kazi, soma namba tena.

Na leo, kabla hujafunga ofisi, endesha mdadm --monitor --scan --oneshot --test. Barua pepe itaenda kwa aliyeandikwa kwenye mstari wa MAILADDR ndani ya mdadm.conf. Kama haijafika kwenye simu ya mtu aliye zamu usiku huu, badilisha anwani na uijaribu tena.