Baba Hajaiva

Kwa mama mkwe wangu, kileja kisicho na nukta nyekundu katikati hakijawa kileja, ni unga tu uliopata joto. Yeye ni Mpemba wa Wete na mambo ya sikukuu, hasa hizi biskuti za unga wa mchele, hayafanyii mchezo. Nusu kilo ya unga wa mchele, robo ya samli, robo ya sukari, viini vya mayai, iliki iliyotwangwa siku hiyohiyo, arki ya waridi kidogo. Unga wa mchele hauna mshiko kama wa ngano, kwa hiyo hausukumwi wala haukatwi. Unaviringwa kiganjani, unaminywa kidogo, unalazwa kwenye trei, kisha nukta. Na kileja kitoke kwenye oveni cheupe vilevile kilivyoingia. Kikipiga ukahawia, kwake hicho kimeungua, naye hukitenga kwenye sahani ya peke yake, sahani ambayo kila mwaka naikuta imewekwa upande wangu.

Kazi ya nukta ni ya watoto. Nasra ana miaka sita, mdogo wake Mbarouk minne. Bibi yao huwakorogea rangi ya unga kwenye kikombe cha kahawa, huwapa kifuniko cha kalamu, na huwapa sheria mbili: nukta ikae sawasawa, na kati ya kimoja na kingine iwepo nafasi ya kidole, ili vikichanua visigusane. Nasra anazishika sheria hizi kuliko anavyoshika hesabu za skuli.

Basi ilikuwa usiku wa ishirini na tisa Ramadhani, sisi tunasubiri kusikia kama mwezi umeandama au tunakamilisha thelathini. Nasema sisi, kwa sababu shemeji yangu anayefuata mwezi wa Makka alikwisha kula Idi tangu asubuhi, na mchana alipita kwetu na sahani ya biriani mkononi, kifuniko wazi, sote tumefunga. Sitamsema zaidi, sikukuu imepita.

Mke wangu hakuwepo. Alikwenda kumkalia fundi cherehani kizingitini. Fundi wa nguo za sikukuu ni mtu anayesema "njoo kesho" tangu kumi la mwanzo, na usiku huo kesho zilikuwa zimemwishia. Mama mkwe naye alikuwa mlango wa pili akipakwa hina mikono yote miwili, hawezi kushika hata kijiko. Aliniachia trei moja ndani ya oveni, trei ya pili imeshapangwa inasubiri nukta, na maneno haya:

"Baba Nasra, kazi yako kutazama tu. Kutazama hakuhitaji ufundi."

Nikakaa kwenye busati, mgongo ukutani, uso kwenye kioo cha oveni. Tatizo lilikuwa futari. Nilikuwa nimekula muhogo wa nazi na changu wa kukaanga, boga, tambi, sambusa, na kaimati ambazo nilikuwa nikizila huku nasema hii ya mwisho. Oveni ina joto zuri, iliki inanukia, watoto kwa mara moja wametulia wanafanya kazi yao kimya. Mtu mzima mwenye watoto wadogo anapaswa kujua kwamba kimya cha jikoni si baraka, lakini muhogo ulikuwa umeshanikalia kichwani.

Simu ndiyo iliyoniamsha. Giza tupu. Umeme ulikuwa umekwenda zake, nyumba nzima inaangazwa na ule moto wa buluu wa gesi ndani ya oveni.

"Baba Nasra! Umeandama! Mufti keshatangaza! Fitri umetoa? Nyama umechukua? Mimi siondoki hapa, suruali ya Mbarouk mpaka sasa ina mguu mmoja!"

Niliinuka mbio. Mama mkwe alikuwa ameshaingia, anapapasa gizani huku mikono kainyanyua juu asiguse kitu, ananiuliza vileja vimefikia wapi. Nikamwambia vitazame, nikachukua kofia, nikachukua kikapu. Watoto walikuwa wamesimama mlangoni. Mbarouk alikuwa anacheka kile kicheko chake cha kuziba mdomo kwa mikono miwili. Nikadhani ni furaha ya sikukuu. Nikambusu kichwani nikashuka ngazi.

Sisi tunakaa Michenzani, mjini Unguja, ghorofa ya tatu, kwenye yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Sokoni Darajani ni mwendo mfupi kwa miguu. Anayepajua Darajani usiku wa kuamkia sikukuu anajua hapapitiki: viatu vimemwagwa chini, kanzu zimetundikwa, mabuibui na mikoba, bastola za plastiki za watoto zinalia pa! pa! masikioni, na kila mtu ana kiwiko. Mimi kila mwaka narudi na alama za viwiko mbavuni.

Mwaka huu watu walinipisha.

Nasema kweli. Nilikuwa nikitokea, njia inafunguka. Mama mmoja aliyekuwa anagombania kandambili alinitazama, akaziacha, akamvuta mwanawe nyuma ya buibui. Nikamwambia ahsante. Nikasema moyoni, Ramadhani ya mwaka huu imewakolea watu, subhanallah.

Nilianza kwa muuza mchele. Fitri, ile zaka ya chakula ya kumalizia Ramadhani, ni pishi moja kwa kila kichwa, vibaba vinne, yaani kilo mbili na nusu hivi, na vichwa vyetu ni vitano pamoja na Mbarouk ambaye hajafunga hata saa moja. Muuza mchele tumezoeana. Desturi yake ni kunishika mkono na kuuganda nao mpaka ninunue na maharage. Usiku ule alinipimia haraka, pesa akaipokea kwa ncha za vidole viwili, chenji akaniwekea juu ya gunia.

"Chukua tu, Sheikh. Mungu akuondolee."

"Amin," nikasema. Nilidhani anazungumzia deni langu la mafuta ya kupikia.

Kwenye nyama palikuwa na foleni ya kukatisha tamaa. Nikasimama nyuma kabisa. Bwana aliyekuwa mbele yangu akageuka, akanitazama chini ya taa ya betri, akasogea kando: "Tangulia, ndugu yangu." Wa mbele yake naye, "tangulia, tangulia." Kufumba na kufumbua niko mbele ya gogo, na nyuma yangu pana uwazi wa kutosha kuswalisha jamaa.

"Nyumbani wazima?" akauliza muuza nyama.

"Wazima."

"Na watoto?"

"Watoto wazima kabisa, nimewaacha na vileja."

"Aa. Basi umepata peke yako."

"Nimepata, alhamdulillahi, na bila foleni!"

Alinitazama kwa muda. Halafu akanikatia nyama ya paja, ile ambayo siku zote ananiambia imekwisha, akaongeza na kipande cha ini. "Hili la supu," akasema. "Unywe ya moto, ulale."

Njiani nikakutana na mtu tuliyesoma naye skuli. Mikono yangu ilikuwa na mizigo, lakini hata isingekuwa nayo asingeipata, maana alisimama ng'ambo ya mtaro akanisalimia kwa sauti kama anaita boti.

"Ungepumzika bwana! Zinatoka zenyewe hizo! Ila usijikune!"

Nikamwambia haya, nitajitahidi. Mtu akikwambia usijikune, hapohapo unawashwa. Niliweka kikapu chini nikajikuna shavu, shingo, na sikio, naye akaondoka haraka sana.

Fitri yetu tunampa bibi mmoja mjane anayekaa chini kwenye jumba letu. Nikamgongea, akatoka na tochi, akanimulika usoni, akapiga kite.

"Mwanangu! Umetembea nazo hivyo mpaka hapa?"

"Kilo kumi na mbili na nusu tu, Bibi, si nzito."

"Sisemi mchele."

Akanivuta ndani kwa kanzu. Akanikalisha. Akanisomea, akanipulizia kushoto na kulia, akatoa fungu la majani ya mwarobaini kutoka nyuma ya mlango, akaniambia niyachemshe, nioge, nisiguse maji baridi, kwani tetekuwanga ya ukubwani imeua watu wenye miraba minne. Mimi nikamwambia, Bibi, mimi sina tetekuwanga. Akanitazama kwa huruma ya mtu aliyezoea wagonjwa wasiojikubali, akausukuma mchele kwangu kwa mguu.

"Rudi nao huu. Usiku wa leo wewe una haki nao kuliko mimi."

Nikatoa simu, nikajimulika kwa kamera ya mbele.

Nukta. Nyekundu. Zilianzia kwenye paji la uso, safu nne, zikashuka mashavuni, zikazunguka kidevu. Moja ncha ya pua. Moja kila kope, na nilipofumba jicho nikaiona imekaa katikati barabara. Masikio pia. Na kati ya nukta na nukta, popote ulipopima, kidole kimoja.

Bibi alipoelewa, alicheka mpaka tochi ikamdondoka. Mchele akaupokea. Mwarobaini hakuuchukua tena, akasema huwezi kujua.

Juu, umeme ulikuwa umerudi. Mama mkwe alinitazama, akazitazama nyayo zake, akakaza midomo. Mkwe ni mkwe, hawezi kumcheka hadharani, lakini buibui lilikuwa linatikisika mabegani. Nikawaita watoto.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi safu za juu," akasema Nasra kwa sauti ya mwenye kazi yake. "Mbarouk nimempa pua na masikio."

"Kwa nini?"

"Rangi ilikuwa nyingi, na wewe ulikuwa umelala karibu na oveni."

Mbarouk akanishika shavu kwa kidole, akaliminya kama anavyominya vileja, akamgeukia bibi yake.

"Bibi, Baba hajaiva."

Hapo mama mkwe alishindwa. Alikaa chini na mikono yake ya hina juu, anacheka machozi yanatoka na hana kidole cha kuyafutia. Alipopata pumzi alinikagua tena kutoka pale alipokuwa, upande huu na upande ule, akatoa hukumu: nukta zimekaa vizuri, na angependa zile za trei ya pili zingekaa hivyo. Trei ya pili, mnajua, haikuwa na nukta hata moja. Rangi yote iliishia kwangu.

Mke wangu alirudi karibu na saa sita na suruali yenye miguu miwili, mmoja mrefu. Alinikuta nimeinamia karai. Tulianza na sabuni, rangi ikang'aa. Tukaweka ndimu, nikalia. Tukapaka mafuta ya nazi, rangi ikalainika ikatanuka, kila nukta ikawa kama kifungo. Ndipo mama mkwe akakumbuka kwenye kabati pana singo iliyobaki kwenye harusi ya shemeji yangu. Singo, kwa wasiojua, ni ile ya kumsugulia biarusi, ya maua makavu na karafuu na vitu ambavyo wanawake hawavitaji mbele yetu. Nikasuguliwa nayo hadi saa nane za usiku. Nyekundu ikawa waridi. Zaidi ya hapo haikwenda.

Asubuhi nikaenda kuswali Idi na nukta za waridi, nanukia biarusi. Nilichagua pembeni kabisa kwenye safu. Mzee aliyekuwa kushoto kwangu alivuta pumzi mara moja, mara mbili, akageuza shingo pole pole kutafuta harufu inatoka wapi, akaona ninafanana na nini, akarudisha uso mbele. Nilisikia anaongeza "astaghfirullah" mahali ambapo hapakuwa na haja nayo. Baada ya hotuba, watu walipoanza kupeana mkono wa Idi, wengi walinipungia.

Nyumbani wageni walikula vileja vyenye nukta na visivyo na nukta, na kila aliyeuliza kwa nini trei moja imepungukiwa alionyeshwa mimi.

Watoto waliondoka saa nne kuzunguka majumba na mikoba yao ya sikukuu, kama ilivyo desturi: unabisha, unasema Idi mubarak, unapewa pesa, unakwenda mlango wa pili. Mwaka uliopita Nasra alirudi na sarafu za kutosha kupanda pembea mara mbili pale viwanja vya Kariakoo. Safari hii mkoba haukufungika. Noti tupu. Mke wangu akashtuka, akamuuliza katoa wapi.

"Kila nyumba wanauliza Baba anaendeleaje," akasema Nasra. "Tukisema bado ana nukta, wanaongeza."

"Na nyinyi mkawaambia ni rangi?"

"Hawakuuliza."

Walikuwa wamepewa elfu mbili na yule mama wa ghorofa ya kwanza, elfu moja na muuza duka, na muuza nyama, aliyekuwa amekaa barazani na kanzu mpya, alikuwa ametoa elfu tano nzima na kuwaamuru waninunulie dawa, wasinunue upuuzi.

"Na dawa iko wapi?" nikauliza.

Mbarouk akanikabidhi pakiti. Mdomo wake, kidevu na kifua cha kanzu mpya vilikuwa vyekundu. Dawa yenyewe ilikuwa ubuyu, na nusu ya dozi ilikuwa imeshamezwa njiani.