Trei Inayorudi Imejaa: Lishe ya Mgonjwa Ni Kazi ya Nani?

Trei ya chakula imewekwa kwenye meza ndogo, miguuni pa kitanda. Mgonjwa ana dripu mkono wa kulia, amelala chali, na hawezi kujiinua bila kusaidiwa. Meno yake ya bandia yamo kwenye kikombe, ndani ya kabati. Saa moja baadaye mhudumu anapita kukusanya vyombo, anakuta mfuniko haujafunuliwa, anaondoka na trei. Jioni, kwenye faili, panaandikwa joto la mwili, mapigo ya moyo, shinikizo la damu na kiasi cha mkojo. Kuhusu chakula hapaandikwi kitu, au panaandikwa maneno manne tu: "hana hamu ya kula".

Nimefanya kazi ya lishe wodini kwa miaka mingi, na trei ya namna hiyo nimeiona mara nyingi mno. Msomaji ajue mapema nimesimama upande gani. Hata hivyo upande wa pili una watu makini, wenye hoja zinazostahili kujibiwa.

Kuna madaktari, tena wazuri, wanaoamini kwamba chakula cha mgonjwa ni huduma, kama shuka safi: ni jambo la utu, mgonjwa analistahili, lakini kinachomponya ni dawa na upasuaji. Sisi wengine tunasema kumlisha mgonjwa kwa kipimo, kulingana na maradhi yake na hali ya mwili wake, ni tiba kamili. Anayeona huu ni ubishi wa maneno aangalie kinachotokea wodini. Kinachoitwa tiba huandikwa kwenye chati, kina muda wake, kina mtu wa kukitoa, na kisipotolewa kuna anayeulizwa. Kinachoitwa huduma hutolewa nafasi ikipatikana.

Ushahidi wa kwanza ni wa zamani. Mwaka 1936, daktari wa upasuaji wa Cleveland, Marekani, aitwaye Hiram Studley, alichapisha matokeo ya wagonjwa 46 waliopasuliwa kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Kati ya waliokuwa wamepoteza zaidi ya asilimia 20 ya uzito wao kabla ya upasuaji, theluthi moja walikufa. Kwa waliopungua chini ya hapo, vifo vilikuwa asilimia 3.5. Ni kundi dogo, na yeyote anaweza kusema, kwa haki, kwamba waliokonda zaidi ndio waliokuwa wagonjwa zaidi. Lakini hata ukikubali hilo, bado mzani ulikuwa unamwambia daktari jambo zito kabla hajashika kisu. Nani aliusikiliza?

Karibu miaka 40 baadaye, mwaka 1974, daktari Charles Butterworth alilalamika kwamba hospitali za Marekani zilikuwa zikiwadhoofisha wagonjwa bila kujua, kwa sababu hata urefu na uzito wao haukuandikwa. Miaka 20 tena ikapita. Mwaka 1994 watafiti McWhirter na Pennington walipima wagonjwa 500 waliolazwa Dundee, Uingereza, wakakuta 200 wana utapiamlo siku waliyoingia. Katika hao 200, ni 96 tu waliokuwa na chochote kuhusu lishe kwenye faili. Wagonjwa 112 walipimwa tena walipokuwa wakitoka, na kwa wastani walikuwa wamepungua asilimia 5.4 ya uzito wao wakiwa chini ya uangalizi wa wataalamu. Wachache waliokuwa wamepelekwa kupata msaada wa lishe, watu 10 tu, waliongezeka. Namba 10 ni ndogo mno kujenga hoja ya tiba, lakini inatosha kuonyesha ni wangapi walikumbukwa.

Utapiamlo wenyewe haujionyeshi kila mara. Mgonjwa mwenye kilo 95 akishuka hadi 84 kwa miezi mitatu bila kukusudia, ndugu humpongeza, na mara nyingine daktari naye humpongeza. Amepoteza zaidi ya asilimia 11 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya kilichoondoka inaweza kuwa misuli: ya kupumulia, ya kukohoa makohozi yatoke, ya kumwinua kitandani. Vigezo vilivyokubaliwa kimataifa mwaka 2019 vinahesabu upungufu wa zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi sita kuwa ishara ya utapiamlo, uwe mnene au mwembamba. Mnene anayesinyaa ndiye anayetuponyoka kirahisi kuliko wote.

Sasa hoja za upande wa pili. Ya kwanza ni kwamba ugonjwa wenyewe ndio unaomkondesha mtu, na chakula hakiwezi kuuzuia. Mwili unapopambana na maambukizi makali au jeraha kubwa huingia katika hali ya inflamesheni: kemikali za kinga humwagika kwenye damu, hamu ya kula hukatika, na misuli huvunjwa ili protini yake itumike kwingine. Ukimlisha mtu aliye katika hali hiyo, sehemu kubwa ya unachompa haigeuki kuwa misuli. Hilo ni kweli.

Ya pili ni nzito zaidi. Madaktari wa wagonjwa mahututi walilijaribu jambo hili kwa ukubwa, na mara kadhaa matokeo yalikwenda kinyume na tulivyotarajia sisi wa lishe. Jaribio la Ubelgiji lililochapishwa mwaka 2011 lilihusisha wagonjwa 4,640 ambao hawakuweza kupata chakula cha kutosha kwa mrija wa tumboni. Nusu waliongezewa chakula kupitia mshipa mapema, ndani ya saa 48. Wengine walisubirishwa hadi siku ya nane. Vifo havikutofautiana, lakini waliosubirishwa walipata maambukizi machache zaidi, asilimia 22.8 dhidi ya 26.2, na walipona haraka zaidi. Mwaka 2023 jaribio jingine lilipima protini nyingi dhidi ya protini ya kawaida kwa wagonjwa walio kwenye mashine za kupumulia. Nyingi haikuleta faida, na kwa wale ambao figo zao zilikuwa zimefeli ghafla ilionekana kuwadhuru.

Halafu kuna hatari iliyojulikana vizuri baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wafungwa waliokaa na njaa muda mrefu walipokufa baada ya kupewa chakula. Mtu aliyekaa siku nyingi bila kula akipewa kingi ghafla, insulini hupanda na kuingiza fosfeti, potasiamu na magnesi ndani ya seli. Damu hubaki haina, akiba ndogo ya vitamini B1 huisha, na moyo unaweza kusimama. Nimewahi kumzuia mwanafunzi mwenye huruma aliyetaka kumwongezea mgonjwa wa namna hiyo kiwango cha chakula siku ya kwanza. Alinitazama kama mkatili.

Sizipuuzi hoja hizi hata moja. Naomba tu zifuatwe hadi mwisho wake. Kitu kinachoweza kudhuru kikizidi au kikiwahi, chenye kiwango kinachofaa siku ya kwanza na kingine siku ya nane, na kinachotakiwa kupunguzwa au kuongezwa kulingana na figo, hakiwezi kuwekwa fungu moja na shuka. Wanaotuonya kuhusu madhara ya lishe, bila kukusudia, wametusaidia kuithibitisha kuwa tiba.

Na wagonjwa wengi hawako chumba cha mahututi. Wako wodi za kawaida, wanaweza kumeza, na swali lao ni jingine kabisa. Kwao upo ushahidi ambao sijui kwa nini hautajwi kila daktari anapozunguka wodini. Mwaka 2019 Philipp Schuetz na wenzake walichapisha jaribio lililofanyika katika hospitali nane za Uswisi, kwa wagonjwa zaidi ya 2,000 waliokuwa katika hatari ya utapiamlo. Nusu walikula chakula cha kawaida cha hospitali. Nusu walipangiwa malengo ya kalori na protini na mtaalamu wa lishe, na malengo hayo yakafuatiliwa. Ndani ya siku 30, matatizo makubwa yaliwapata asilimia 27 ya kundi la kwanza na asilimia 23 ya kundi la pili. Waliokufa walikuwa asilimia 10 dhidi ya 7.

Tusiiharakie namba hiyo. Maana yake ni kwamba kwa kila wagonjwa 37 waliolishwa kwa mpango, mmoja aliyekuwa afe ndani ya mwezi hakufa. Wagonjwa 37 ni kama wodi moja iliyojaa. Na walifanyiwa nini? Mtu alikaa kitandani kwao, akawauliza wanaweza kula nini, akabadilisha mlo, akaongeza vitafunio kati ya milo na vinywaji vyenye protini pale vilipohitajika. Waliohitaji mrija au mshipa walikuwa wachache sana. Hakuna mashine mpya wala molekuli iliyogunduliwa jana.

Wakosoaji wanasema jaribio halikuwa la siri: wagonjwa na wahudumu walijua nani yuko kundi lipi. Ni kweli, na kwa matatizo mengine hilo linaweza kupotosha. Kifo, lakini, hakitegemei maoni ya anayehesabu. Wanasema pia kwamba wagonjwa walipofuatiliwa hadi siku ya 180, tofauti ya vifo ilikuwa imefifia kiasi cha kutothibitika tena. Hili limenisumbua kwa muda mrefu. Ila mpango wa lishe ulikuwa umekoma siku mgonjwa aliporuhusiwa kutoka, kama ulivyo desturi. Mgonjwa wa shinikizo la damu akiacha vidonge, presha ikapanda tena, hatusemi vidonge havikufanya kazi. Naliona pengo katika kinachotokea baada ya mlango wa hospitali, na pengo hilo ni letu kuliziba.

Uchambuzi wa baadaye wa wagonjwa haohao ulionyesha jambo jingine: waliokuwa na inflamesheni kali kupita wote hawakunufaika. Ndipo matokeo ya Uswisi na ya Ubelgiji yanapokutana. Mwili ulio katikati ya moto haupokei. Moto ukipungua, unapokea. Kazi ya lishe tiba ni kumjua mgonjwa yuko upande gani wa mstari huo, leo.

Kuhusu lishe na hatari ya kupata magonjwa, nitakuwa mfupi, kwa sababu huko ndiko sifa yetu ilikoharibiwa. Watu wakisikia "lishe" wanafikiria vidonge vya virutubisho na ahadi za kusafisha mwili. Majaribio mazuri yapo. Mwaka 2002, kwa watu zaidi ya 3,200 wa Marekani waliokuwa karibu kupata kisukari, kubadili mlo na kufanya mazoezi kulipunguza hatari kwa asilimia 58. Dawa ya metformini ilipunguza kwa 31. Uingereza, mpango mkali wa kupunguza uzito uliwaondolea asilimia 46 ya washiriki kisukari cha aina ya pili kwa mwaka mmoja bila dawa. Lakini Ufini, mwaka 1994, wavuta sigara zaidi ya 29,000 walishiriki jaribio la vidonge vya virutubisho, na waliopewa beta-karotini, chanzo cha vitamini A, waliugua saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Na hicho ni kirutubisho kilichodhaniwa hakina madhara. Mtu akininukuu kutetea biashara ya vidonge, atakuwa hakunielewa.

Kosa linaloniuma zaidi ni la kumnyima mgonjwa chakula kwa mazoea. Tangu daktari Mendelson aeleze mwaka 1946 hatari ya matapishi kuingia mapafuni wakati wa nusu kaputi, amri ya "usile wala kunywa kuanzia saa sita usiku" imekuwa kama sheria ya maumbile. Mwongozo wa madaktari wa usingizi wa Marekani wa mwaka 1999 uliruhusu maji na vinywaji visivyo na mashapo hadi saa mbili kabla ya upasuaji, na mlo mwepesi hadi saa sita kabla, kwa wasio na hatari maalumu. Mwaka 1999! Nilimhudumia bibi aliyevunjika nyonga, aliyezuiwa kula siku tatu mfululizo kwa sababu kila siku orodha ya upasuaji ilijaa kabla ya zamu yake. Kila jioni aliambiwa "bibi, ni kesho", trei ya usiku ikawa imeshaondolewa. Siku ya tatu alikuwa haniulizi tena.

Kazi ya nani, basi? Jiko limepeleka chakula, mhudumu amekifikisha, muuguzi mmoja ana vitanda 20 na dawa za saa saba, daktari anadhani muuguzi anajua, na mtaalamu wa lishe huja akiitwa. Kila mmoja ametimiza wajibu wake na mgonjwa hajala. Uchunguzi wa siku moja uliofanywa katika wodi nyingi za Ulaya, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta kwamba waliokula robo tu ya mlo wa siku hiyo walikuwa na hatari ya kufa hospitalini takribani maradufu ya waliokula wote. Haithibitishi kwamba kutokula ndiko kulikowaua. Inathibitisha kwamba trei inajua kitu.

Katika wodi moja tuliongeza safu kwenye chati, chini ya mapigo ya moyo: hakula, robo, nusu, robo tatu, yote. Muuguzi huweka alama moja trei inapoondolewa; haichukui hata nusu dakika. Wiki ya pili daktari wa zamu alikuta kwa mzee mmoja robo, robo, hakula, robo. Alisimama pale, akatazama meza iliyokuwa miguuni pa kitanda, akauliza meno ya mzee yako wapi.