Kompyuta Yangu, Asilimia Mia

Nimetoka dirishani kwa watu wa kodi sasa hivi, jasho halijakauka. Acheni niseme hasira zikiwa moto.

Mnanijua, mimi ni mtu wa heshima zangu. Mchana mtunza stoo, usiku mwanachuo, katika umri ambao wenzangu wanasomesha. Nikasikia gharama za chuo zinaweza kutolewa kwenye hesabu ya kodi ya mapato. Usiku huohuo nikapiga hesabu kitandani: ada, vitabu, nauli, kompyuta, vyote vinarudi! Nikaenda nimechomekea, bahasha kwapani, mwendo wa mdai kabisa.

Foleni siielezi. Wote tumeshaipanga.

Dirishani yupo binti, umri wa kitinda mimba wangu. "Shikamoo baba." Nikajua nimekwisha. Anayeanza kwa shikamoo hana mpango wa kukupa kitu.

"Hii shahada inahusiana na kazi unayofanya sasa?"

"Hapana, binti yangu. Natafuta kazi nzuri zaidi."

"Basi haikubaliki. Masomo ya kutafutia kazi mpya hatuyahesabu."

Nikageuka kama chapati. "Ngoja, hukunielewa. Nasomea ugavi, nami niko stoo. Yanahusiana mpaka yanagusana!" Akaandika. Akauliza kama mwajiri amenilipia sehemu ya ada. Nikacheka mpaka mlinzi akasimama.

"Kompyuta unaitumia kwa masomo asilimia ngapi?"

"Mia."

"Mia, baba?"

"Mia kwa mia. Ile haijui kingine zaidi ya elimu."

"Umekuja nayo?"

Ujinga wangu, nilikuja nayo, eti kielelezo. Nikaifungua kwa madaha. Ikaamkia palepale ilipolala jana: mpira, penalti, mtangazaji anapiga kelele ukumbi mzima unasikia. Jamaa wa nyuma yangu akauliza matokeo. Nikabonyeza huku na kule, mpira ukaondoka, ukaja mchezo wa karata wa mama watoto, karata zikaondoka, ikaja harusi ya shemeji, mimi katikati nacheza bila koti.

"Tuseme sitini?"

"Themanini. Ile harusi ilikuwa ya siku moja tu!"

"Hamsini, baba."

Nikaikamata hamsini kabla haijawa arobaini. Kumbe hata hiyo haihesabiwi yote mwaka huu. Bei ya mashine inagawanywa kwa miaka inayotarajiwa kudumu. Yaani nitahitimu, kompyuta itakufa, mimi bado naidai kidogokidogo.

Risiti za vitabu zilikuwa nyeupe. Zile karatasi za mashine, ukizikalia mwaka mzima kwenye pochi, maandishi yanafutika. Nimemkabidhi rundo safi kama roho ya malaika. Nauli ya nyumbani kwenda kazini haimo, ya kazini kwenda darasani imo. Chakula? Aliniangalia tu.

Kwenye foleni kulikuwa na mjuaji mmoja akinihadithia Ujerumani. Kule, anasema, kama huna taaluma nyingine, shahada ya kwanza ina kikomo cha euro 6,000 kwa mwaka, ila ya pili inaweza kuhesabiwa kama gharama za kazi, bila kikomo hicho. Watu wakalalamika mpaka Mahakama ya Katiba, mwaka 2019 ikasema sheria iko sawa. Kwa hiyo ningekuwa kule, ningemaliza kwanza hii inayonitoa roho, nianze nyingine, ndipo nihesabike!

Sasa sikieni kilichonimaliza. Mimi nilidhani ukitumia mia unarudishiwa mia. Wapi! Ile mia inatolewa kwenye kipato kinachotozwa, si kwenye kodi yenyewe. Kama unatozwa ishirini kwa kila mia, unachookoa ni ishirini. Nimeaga kazini nusu siku, nimeonekana nacheza bila koti, kwa ajili ya ishirini ya nusu ya kompyuta iliyogawanywa kwa miaka! Halafu binti ananiambia nitunze risiti vizuri wasije wakanikagua. Risiti zipi, mwanangu? Zile nyeupe?

Nikapewa fomu nisaini. Kalamu ya pale imefungwa kamba fupi, mpaka upige magoti, na ukishapiga haiandiki. Nikatoa yangu. Yule jamaa wa penalti akaiazima, "dakika moja tu, mzee." Nimefika nje nakumbuka, narudi, mlinzi anasema wamefunga. Kesho nina mtihani, na ile kalamu, wallahi, ndiyo ilikuwa ya masomo asilimia mia. Ya bluu, kifuniko kimetafunwa.