Mtoto aingie darasani, karatasi zitafuata

Wiki iliyopita nilikaa kwenye kikao cha wazazi hapa Tanga, shule siitaji, nikatoka na hasira ambayo mpaka leo haijaniisha. Ajenda zilikuwa mbili, uji wa watoto na upungufu wa madawati. Tulipofika kwenye madawati akasimama mzazi mmoja, mtu mzima anayeheshimika, akasema madawati yangetosha kama watoto wa wageni wangerudishwa kwao. Makofi yakapigwa. Hawakupiga wote, lakini yalisikika mpaka nje. Nyuma ya darasa alikuwapo mama mmoja wa Kikongo ambaye mwanawe anasoma na wa kwangu. Hela ya uji alichanga kama sisi sote. Nilinyoosha mkono, nikaambiwa muda umekwisha.

Basi jibu langu nalitoa hapa.

Kwanza, mgeni Tanga ni nani? Mkonge wenyewe uliojenga mji huu uliletwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893. Ulitoka Florida, na miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Walioukata shambani na kusimama kutwa nzima korona, kwenye mashine ya kusaga majani yake, walitoka Urundi, Rwanda, Msumbiji, Kigoma, Songea, Njombe. Manamba, vibarua wa kuitwa kwa namba. Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge, na hakuna aliyesimama kikaoni kusema wakata mkonge warudi kwao. Watoto wao walizaliwa kwenye kambi za mkonge, Pongwe, Korogwe, Muheza, na leo wajukuu wao ni walimu, madiwani na masheikh wetu. Huyo mzazi aliyesimama, babu yake alishuka Tanga kwa garimoshi akiwa na namba yake ya kazi. Mtaani tunajua, na yeye anajua.

Halafu kuna Chogo, kule Handeni. Wazigua waliouzwa utumwani karne ya 19 walipelekwa Somalia, wakatoroka wakajikusanya bonde la mto Juba, wakaishi huko zaidi ya miaka mia na Kizigua chao hakikupotea. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991 wakakimbia, wengine wakaja mpaka huku, nchi waliyoisikia kwa bibi zao tu. Serikali iliwapa ardhi na wengi wakapewa uraia. Tulijivunia jambo hilo, na tulikuwa na haki ya kujivunia. Lakini tuliwapokea kwa wepesi ule kwa sababu tulitambua ni damu yetu. Sasa mtoto wa Kirundi ambaye bibi yake hakuwa Mzigua, aoneshe nini ndipo apate dawati?

Na anayedhani ukimbizi ni jambo la watu wengine avuke mpaka pale Horohoro, afike Shimoni, wilaya ya Kwale upande wa Kenya, aulize wazee. Januari 2001, baada ya mauaji ya waandamanaji Pemba, Watanzania zaidi ya 2,000 walivuka bahari kwenda kuomba hifadhi Kenya. Wapemba hawa hawa ambao nusu ya Tanga ina udugu nao. Walifika na watoto. Sisi tungetaka watoto wale wafanyiwe nini na watu wa Kwale?

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana maneno ya kikaoni yanapita, lakini kuna watoto wanaobaki nyumbani kila asubuhi wenzao wakienda shule.

Mtoto wa mgeni Tanga huwa haangushwi na chuki. Kinachomwangusha ni mambo madogo. Anadaiwa cheti cha kuzaliwa ambacho kiliungua Uvira, kule Kongo, au hakikuwahi kuandikwa. Hajui Kiswahili cha darasani. Na kubwa kuliko yote, ambalo silisikii likisemwa, ni umri. Namjua binti mmoja aliyekuja na mama yake kutoka Burundi akiwa na miaka kumi na moja. Kwao alikuwa darasa la nne. Kugawanya anajua, sehemu anajua, anasoma Kirundi bila kigugumizi. Kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa cha kusalimia tu, shule ikamweka darasa la kwanza. Fikirini mtoto wa miaka kumi na moja, magoti hayaingii chini ya dawati, anaimba a e i o u na watoto wa miaka sita, na wale watoto wanamwita bibi. Alivumilia muhula mmoja. Muhula wa pili nikamkuta kituo cha daladala anauza mihogo ya kukaanga.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Alinieleza kwa upole: "Dada yangu, mimi nitampimaje mtoto ambaye sielewani naye?" Swali la haki kabisa. Kwenye kambi za wakimbizi Kigoma, Nyarugusu na Nduta, watoto wa Kirundi na Kikongo wamekuwa wakifundishwa kwa mitaala ya kwao, kwa sababu nchi ilikuwa ikiwaandaa kurudi. Kwa hiyo mtoto aliweza kukaa Tanzania miaka na asiguse kitabu kimoja cha Kiswahili. Akifika Tanga kwa njia yoyote ile iliyomfikisha, anaingia darasani kama bubu. Mwalimu mwenye darasa lililofurika hana saa ya kumfundisha lugha peke yake.

Saa hiyo anayo nani? Anayo mtaa.

Binti wa mihogo aliokolewa na mwalimu mstaafu, bibi mmoja anayeishi jirani na sisi. Baada ya swala ya alasiri anaweka ubao barazani na kufundisha watoto wanaobabaika: wa Kirundi, wa Kikongo, na wa kwetu pia. Huanza na Kiswahili cha shule, maneno ambayo mtoto atayakuta kwenye mtihani: jumlisha, taja, eleza, chagua jibu sahihi. Kirundi na Kiswahili ni ndugu, mtoto hudaka haraka kuliko tunavyodhani. Ndani ya miezi michache yule bibi alichukua daftari la hesabu la binti, akaenda nalo shuleni, akamwambia mwalimu mkuu: "Mwanangu, huyu ni wako wa darasa la nne, tazama mwandiko." Akapokewa. Leo hauzi mihogo.

Hilo tu ndilo ninalolidai. Kila mtaa uwe na darasa la jioni la kumpokea mtoto, kumpima, kumfundisha lugha, na kumkabidhi shule kwenye darasa la umri wake. Majengo tunayo. Vyuo vya Kurani vingi havina watu jioni fulani za wiki, kumbi za parokia zimefungwa kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, ofisi za mitaa zina mabenchi. Walimu tunao, vijana waliomaliza ualimu wamejaa Makorora na Ngamiani wakisubiri ajira. MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa watoto walioikosa, ilishatuonyesha kwamba mtoto aliyepita umri anaweza kusomeshwa kwa kufupishiwa masomo na kuingizwa kwenye mfumo. Tulijua kufanya hivyo kwa watoto wetu. Ni kuwaongeza wengine kwenye benchi lile lile.

Sharti langu ni moja, nalo silipunguzi: darasa la mtaa lisije likageuka shule ya wageni. Likiwaweka watoto humo mwaka wa pili na wa tatu, wakiwa na mwalimu wa kujitolea asiye na vitabu, tutakuwa tumewafungia nje ya shule kwa adabu. Kazi yake ni kumtoa mtoto, na wazazi waiulize kamati ya mtaa kila muhula: wangapi wamevuka kwenda shuleni?

Na mama zao wakaribishwe kukaa nyuma. Mama asiyejua kusoma kadi ya kliniki atafaidika kuliko hata mwanawe, na mama akilizoea benchi lile mtoto hatakosa.

Hofu ipo. Wazazi wengi hawa huwaficha watoto kwa kuogopa kuulizwa wamepitia wapi. Naelewa kwamba uhamiaji una kazi yake na nchi ina mipaka yake. Waifanye ofisini kwao. Mwenyekiti wa mtaa asimame mbele ya watu aseme kwamba daftari la darasa lile ni la mahudhurio basi, na mwalimu asigeuzwe askari wa mpakani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza kumbagua mtoto na imeutaja ukimbizi kwa jina. Anayetaka kubishana abishane na Bunge.

Madarasa yamejaa, hilo nalikubali, ingawa silikubali kwa furaha kwa sababu limekuwa kisingizio. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 watoto wamemiminika shuleni, nalo ni jambo jema ambalo ujenzi haukulikimbilia. Lakini pale kwetu wakiondolewa watoto wote wa wageni, dawati la watoto wanne litabaki na watoto wanne. Wenye deni la madawati wanajulikana. Si yule mama wa Kikongo.

Darasa la jioni litawafaa na wetu, tena sana. Msimu wa dago ukifika, wavuvi wa Sahare na Chongoleani wanahama na familia kufuata samaki, na mtoto anapotea shule miezi mizima. Akirudi wenzake wameshavuka sura tatu. Huyo naye anahitaji mtu wa kumshika mkono jioni, na hana tofauti na Mrundi isipokuwa lafudhi.

Pwani yetu ilishayafanya haya, tena kwa ukubwa. Bagamoyo ilikuwa na shule ya sekondari ya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kwa ajili ya vijana wa nchi hiyo waliokimbia utawala wa Wareno. Kiongozi wao Eduardo Mondlane aliuawa Dar es Salaam Februari 1969, na bado FRELIMO haikuacha kusomesha. Mwaka 1974 naibu mkuu wa shule ile ya Bagamoyo alikuwa mwanamke kijana, Graça Simbine. Mwaka uliofuata Msumbiji ikapata uhuru naye akawa waziri wa elimu. Ndiye huyu tunayemjua kama Graça Machel, aliyeupelekea Umoja wa Mataifa ripoti ya mwaka 1996 kuhusu vita na watoto, iliyodai kwamba shule isingoje vita viishe. Kabla ya kuyaandika hayo alikuwa ameyaishi, kwenye ardhi yetu, kilomita chache tu kutoka baharini.

Watu wa Bagamoyo wa miaka ile hawakuwa matajiri kutuzidi sisi.

Uandikishaji wa darasa la awali na la kwanza unafunguliwa Oktoba. Ukijua nyumba yenye mtoto asiyekwenda shule, wa Kirundi, wa Kikongo, wa mkata mkonge au wa mvuvi, nenda na mama yake mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa kabla ya hapo, msiende na karatasi yoyote, mwende na mtoto. Ukiwa umesomea ualimu na jioni zako ni tupu, yule bibi anahitaji msaidizi, macho yake yamechoka na watoto wamezidi baraza. Chaki mimi nitanunua.