Mafuta Kwanza, Povu Baadaye

Ukitaka kujua bibi harusi alinawaje uso usiku wa harusi yake, tazama foronya asubuhi. Napamba maharusi Dar es Salaam mwaka wa tisa huu, na foronya nilizoonyeshwa Jumapili zimenifundisha mengi: duara la fandesheni pale shavu lilipolala, mistari miwili ya wanja, kipande cha gundi ya kope. Na karibu wote waliapa kwamba walinawa kabla ya kulala. Nawaamini. Walinawa kweli, kwa sabuni ya kuogea, mara mbili hata tatu, wakasugua kwa taulo mpaka ngozi ikawa inawasha, na bado vipodozi vikabaki. Wiki inayofuata napigiwa simu: uso umejaa vipele, dada, ulinipaka nini?

Kwa miaka mingi sikuwa na jibu la maana. Nilianza kulipata nilipojifunza kunawa uso jinsi Wakorea wanavyonawa jioni, mafuta kwanza kisha sabuni laini ya povu. Kwa Kikorea wanaita ijung sean, yaani kunawa uso mara mbili. Ninafanya hivyo mwaka wa nne sasa na leo nataka kuutetea utaratibu huu, kwa sababu huku kwetu unachukuliwa kuwa anasa ya mabinti wa Instagram, na wengi wanaoujaribu wanaikosea ile hatua ya kwanza ambayo ndiyo yenye kazi.

Tuanze na fenesi. Aliyekulia pwani anajua kwamba kabla ya kulipasua unapaka mafuta mikononi na kwenye kisu. Ulimbo ukishakunasa, unaweza kumaliza pipa la maji na mche mzima wa sabuni na vidole bado vikagandana. Unachukua mafuta ya kula, unasugua, ulimbo unaachia, na hapo ndipo sabuni inapata kazi: kuondoa mafuta yenyewe. Fundi gereji naye mwenye grisi mpaka viwikoni haanzi na maji. Hujipitishia kwanza dizeli au mafuta ya taa, sabuni baadaye. Mambo haya tunayajua vizuri kabisa, ila tukifika usoni tunayasahau.

Fandesheni tunazotumia kwenye harusi zimetengenezwa zisitoke kwa jasho, kwa machozi ya kumuaga mama, wala kwa joto la ukumbi wenye feni mbili. Zina nta, mafuta na silikoni vinavyoshikilia rangi ikae. Losheni nyingi za kukinga jua ziko vivyo hivyo, kwa sababu losheni inayotoka kwa jasho la saa nne asubuhi haina faida kwa mtu wa Dar. Ongeza mafuta ambayo ngozi yenyewe inatoa mchana kutwa, yakabeba vumbi la barabarani na moshi wa daladala. Vitu hivyo vyote haviyasikii maji, na vinalegea vikikutana na mafuta mengine.

Lakini mafuta ya kusafishia uso ni tofauti na mafuta ya kupikia. Ndani yake mna kiungo kinachoitwa emulsifaya, chembe ambazo upande mmoja zinashikana na mafuta na upande wa pili zinashikana na maji. Ukiyapaka kwenye uso mkavu, yanayeyusha. Ukilowesha vidole na kuendelea kuzungusha taratibu, yanageuka meupe kama tui la pili, na ukimwagia maji yanashuka pamoja na kila yalichokibeba. Mara ya kwanza nilipoliona lile tui likiteremka kwenye sinki likiwa na rangi ya fandesheni, nilisimama pale nikilitazama kama mtoto. Siku hiyo nilikuwa nimeshanawa kwa sabuni kabla ya kuyajaribu. Rangi ile yote ilikuwa bado usoni kwangu.

Hapo kwenye ukavu ndipo wanapokosea wengi. Kwa mazoea tunajimwagia maji kwanza, halafu tunapaka mafuta juu ya maji. Emulsifaya inaanza kazi yake ya mwisho kabla mafuta hayajafanya kazi ya kwanza. Yanakuwa meupe papo hapo na kuteleza juu ya vipodozi bila kuvigusa. Mikono iwe mikavu, uso uwe mkavu, vipodozi vikiwa bado vipo. Dakika moja inatosha. Usiharakishe pembeni mwa pua, kwenye kidevu, na kwenye mstari wa nywele, hasa wewe unayevaa hijabu au kilemba, maana pale jasho na fandesheni hukusanyika na kukaa. Macho yafumbe, pitisha kidole juu ya kope bila kukandamiza, maskara itaachia yenyewe. Kuna Wakorea wanaofuata hesabu ya 4-2-4, dakika nne za mafuta, mbili za povu, nne za kusuuza. Sijawahi kuona sababu ya kusimama bafuni dakika kumi baada ya kazi ya siku nzima, na kwa maji yetu ya mgao sidhani kama ni haki kumshauri mtu asuuze uso dakika nne.

Naulizwa sana kuhusu mafuta ya nazi. Yapo jikoni, bei ni rahisi, bibi zetu walijipaka wakang'aa. Yanayeyusha vipodozi kweli, hilo sibishi. Shida yake ni kwamba hayana emulsifaya, kwa hiyo hayashuki na maji. Yanabaki kama utando, na ili uyatoe inabidi urudi kwenye ile sabuni kali uliyokuwa unaikimbia. Tena mtu mwenye ngozi ya chunusi, mafuta ya nazi humzibia vitundu vya ngozi. Nimeyaona kwenye paji la uso la mdogo wangu. Kama huna kingine, na ngozi yako ni kavu isiyo na chunusi, tumia kidogo kisha ufute kwa kitambaa laini kilicholowa maji ya vuguvugu. Ila nywele na mwili ndiko mahali pake pazuri zaidi.

Tuwatendee haki Wajapani pia. Mafuta haya hayakuanzia Seoul. Shu Uemura, mpambaji wa Kijapani aliyewahi kufanya kazi Hollywood, alitoa mafuta yake ya kusafishia uso mwaka 1967, na Wajapani walikuwa na mazoea hayo kabla dunia haijaanza kuzungumzia ngozi za Wakorea. Korea Kusini iliyafanya yawe jambo la kila jioni la mtu wa kawaida, mwanafunzi na karani, kisha ikaeneza zeri, mafuta magumu ya kwenye kikopo yanayoyeyuka kwa joto la vidole. Kikopo cha Clean It Zero cha Banila Co kimewafungulia wengi mlango huo, mimi nikiwa mmoja wao.

Nao hawakuanza patupu. Wanawake wa Korea wa enzi za Joseon, ufalme wa zamani wa huko, walinawa uso kwa jodu, unga uliosagwa kwa choroko na maharage mekundu madogo. Choroko hizi hizi tunazounga kwa nazi! Mazao ya jamii ya kunde yana saponini, kitu kinachotoa povu dogo na kuondoa mafuta bila ukali. Mafuta nayo waliyajua: miaka ya 1930 huko Kaesong, mji ambao leo uko Korea Kaskazini, mama mmoja aitwaye Yun Dok-jeong alikuwa akiuza mafuta ya kamelia ya nywele, na mwanawe Suh Sung-whan ndiye aliyeanzisha mwaka 1945 kampuni ambayo leo ni Amorepacific, kati ya kubwa kabisa za vipodozi barani Asia. Nikiyawaza hayo naona watu waliozoea tangu zamani kuipa heshima kazi ya kuosha.

Na hiyo heshima ndiyo ninayoitafuta kwetu. Angalia meza ya vipodozi ya mwanamke wa mjini. Krimu ya usiku elfu arobaini, serumu elfu sitini, poda, mafuta ya mdomo. Halafu uliza anaoshea nini uso. Sabuni ile ile ya kuogea, inayotumika na nyumba nzima, iliyobaki kipande. Fedha yetu yote tumeiweka kwenye vinavyokaa usoni, na tumevinyima kabisa vinavyoondoa. Kisha ngozi ikileta vipele au madoa, tunatafuta kingine cha kupaka juu yake. Nimewapamba maharusi ambao mkorogo umewala uso, ngozi nyembamba inayoonyesha mishipa, inayoungua ukiigusa kwa brashi. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, na bado zinapatikana. Wengi wa wasichana hawa walianza na chunusi mbili tatu tu zilizowatia aibu. Sisemi kunawa vizuri kungewaponya. Ninasema hakuna aliyewahi kuwauliza wananawaje.

Hatua ya pili nitaipitia haraka, kwani ni nyepesi mradi usiikazie. Ngozi ya uso ina asidi kidogo, kipimo chake cha pH kiko karibu na 5, na namba ikipanda asidi inapungua. Sabuni ya kipande huwa kati ya 9 na 10, na ya mche ya kufulia, ambayo nimewaona watu wakinawia uso kwa kuamini inakausha chunusi, haina urafiki wowote na ngozi. Ule uso unaobana baada ya kunawa, ukitabasamu unahisi kama utapasuka, tumezoea kuuita usafi. Umenyang'anywa mafuta yake ya lazima, nao utajitahidi kuyarudisha. Wakorea wenyewe walipenda mapovu makali kwa miaka mingi kabla ya kugeukia jeli zenye pH ya chini, kama ile ya asubuhi ya kampuni ya COSRX. Tafuta jeli laini, lifanye povu mkononi kwanza, lipitishe usoni nusu dakika, suuza, kaushia kwa kugusagusa taulo bila kusugua. Kwa kuwa mafuta yameshafanya kazi ngumu, povu linatakiwa liondoe mabaki tu.

Na tafadhali, jioni tu. Asubuhi uso haujabeba fandesheni wala vumbi. Maji yanatosha, au ile jeli kidogo kama ngozi yako ina mafuta mengi. Siku uliyoshinda nyumbani bila kupaka chochote, jeli peke yake inatosha. Nimekutana na wasichana wanaonawa mara mbili asubuhi, mara mbili mchana, mara mbili usiku, wanashangaa kwa nini mashavu yanabanduka.

Anayehitaji mafuta haya si yule anayepaka vipodozi tu. Ndugu zetu wenye ualbino wanapaka losheni ya kukinga jua kila siku, tena na tena kutwa nzima. Wengine wanatumia Kilisun, inayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi. Tabaka hilo limewalinda mchana, na usiku linahitaji kutoka kwa upole. Mwendesha bodaboda anayeshinda nyuma ya malori Mandela Road naye ningemkaribisha, kama angekubali.

Kuna jambo moja la Korea silichukui. Shinikizo la uzuri kule ni zito mno. Mwaka 2018 wanawake wengi wa Korea Kusini walivunja vipodozi vyao na kukata nywele, wakauita mwendo huo kuvua koseti, yaani lile vazi la kubana kiuno, wakisema wamechoka kudaiwa sura kila wanapotoka nyumbani. Vijana wengine wakaanza kupunguza hatua za kutunza uso kila siku, kumi zikawa tatu au nne. Nawaelewa, na nikiwa mtu ninayekula kwa kupamba watu nadhani nina wajibu wa kuwasikiliza. Katika zile hatua kumi zilizotangazwa duniani, hizi mbili za jioni ndizo ningezibakiza kama ningelazimika kutupa nyingine zote.

Kuhusu kununua, fungueni macho. Kikopo changu cha pili nilikinunua kwenye duka moja kwa bei iliyonifurahisha sana, nikafungua nikakuta harufu ya mafuta ya taa, na macho yakaniwasha siku mbili. Mafuta ya kikopo cha kweli hubadilika kuwa meupe yakikutana na maji na hayaachi utando. Yakibaki yananata, kirudishe kikopo, au kipoteze tu na uokoe uso wako. Na hapana lazima kiwe cha Korea. Chochote chenye emulsifaya, kisicho na manukato mengi, kitafanya kazi.

Siku hizi kila bibi harusi ninayempamba ninamwachia kikopo kidogo cha zeri na kitambaa cheupe cha uso. Simkabidhi yeye, maana saa nane za usiku akiwa amechoka hatakumbuka. Ninampa somo wake, yule mama anayemfunda, nikimwonyesha kwa vidole vyangu: mikono mikavu, uso mkavu, dakika moja, kisha maji. Mwezi uliopita somo mmoja wa Magomeni, mama mtu mzima, alinipigia Jumatatu. Nilidhani ni malalamiko. Alitaka kuniambia foronya ilikuwa safi, na kuuliza kama zeri iliyosalia anaweza kubaki nayo. Nilimwambia abaki nayo, shangazi, ila asubuhi asiiguse.