Kabla hujainua Prado yako, sema inabeba nini Jumatatu

Jioni yoyote kwenye foleni ya Ngong Road, Nairobi, utaona Prado, Hilux, hata Forester zilizoinuliwa. Sina ugomvi nazo. Anayeishi Kamulu, Ruai au ndani kabisa ya Kitengela anaujua udongo mweusi mvua ya Aprili inapokolea, na anayajua matuta yasiyo na rangi wala kibao. Ninachopinga ni namna tunavyoamua. Mtu anafika kwa fundi na swali moja mdomoni: niinue inchi ngapi? Laiti fundi angemuuliza yeye kwanza: gari lako linabeba nini Jumatatu hadi Ijumaa?

Springi huchaguliwa kwa uzito. Kwa Prado ile ile, kampuni kama Old Man Emu, Dobinsons na Ironman, zote za Australia, zina springi za aina kadhaa: za gari tupu, za gari lenye bampa la chuma na winchi mbele, za gari linalobeba mzigo mzito nyuma muda wote. Kwa macho zinakaribiana sana. Sasa chukua mtu wa Syokimau anayekwenda kazini Upper Hill na watoto wawili kiti cha nyuma. Ananunua springi za mzigo wa kilo mia tatu kwa sababu Desemba familia huenda Amboseli na hema juu ya paa. Miezi kumi na moja iliyobaki gari linadunda kwenye kila kiraka cha Mombasa Road, nyuma imebinuka, na kwenye changarawe tairi linarukaruka. Tairi lililo hewani halivuti wala halishiki breki. Isitoshe, springi nzito chini ya gari jepesi hulipandisha juu kuliko ulivyoahidiwa dukani.

Kwa hiyo nunua springi za uzito wako wa kila siku. Kwa safari ya Desemba kuna mifuko ya hewa inayoingia ndani ya springi za nyuma. Unaijaza ukipakia mizigo, unaipunguza ukirudi nyumbani.

Urefu wenyewe? Milimita 40 hadi 50, yaani kama inchi mbili, na kwa gari la kwenda kazini sioni sababu ya kupita hapo. Prado na Hilux za kisasa hazina ekseli moja ya chuma mbele inayounganisha magurudumu mawili. Kila gurudumu lina mikono yake, yaani vyuma vinavyolishikilia kwenye gari, na sivi jointi yake, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu. Kadiri unavyoinua, ndivyo sivi jointi inavyokaa kwa pembe kali, mipira yake inachakaa, grisi inatoka na vumbi linaingia. Pembe za usukani nazo zinabadilika, na ukizidisha utalazimika kununua mikono mipya ya juu ili gari liache kutangatanga kwenye Thika Road.

Kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Nyuma, ambako Prado ina ekseli nzima, kuinua springi hakuinui difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, hata kidogo. Bodi inapanda, difu inabaki pale pale, na mara nyingi difu ndiyo inayogonga jiwe. Kinachoinua difu ni tairi. Ukitoka tairi la kipimo cha 265/65R17 kwenda 265/70R17, kipenyo kinaongezeka kama milimita 26, na difu inapanda nusu yake, 13 hivi. Si nyingi, lakini ni za kweli. Kumbuka tu kwamba mita ya spidi itasoma chini kuliko zamani, na inaweza kuwa chini ya mwendo wako halisi, na kamera za barabarani hazitasikiliza maelezo hayo. Na kwenye tope la Kamulu, tairi lenye meno mazuri lililopunguzwa upepo kidogo litakutoa mahali ambapo inchi nne za springi zitakuacha umezama.

Spesa, vile vipande vya kuongeza urefu bila kubadilisha springi, sizipendi, na nasema hivyo nikijua bei yake ndiyo inayovutia. Spesa ya kuwekwa juu ya shokabu ya mbele inasukuma kila kitu chini: gurudumu likining'inia shimoni, linashuka kuliko lilivyokusudiwa, na boli jointi (kiungo kati ya mkono na gurudumu) na sivi jointi ndizo zinazolipa. Vile vipande vya mpira vinavyobanwa katikati ya springi vinazuia sehemu ya springi isifanye kazi, na iliyobaki inabeba mzigo wote. Kama pesa hazijatosha springi na shokabu zinazoendana, subiri. Shokabu za zamani ni fupi kwa gari lililoinuka, na hazina nguvu ya kutuliza springi ngumu zaidi.

Halafu kuna ufungaji, na hapa naomba usimame karibu na fundi, uwe Kirinyaga Road au Industrial Area. Kabla gari halijapandishwa jeki, chukua tepu upime kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne, uandike. Kisha angalia bolti za mikono zinapokazwa. Bushi ya mpira iliyo mwishoni mwa mkono imeshikana na chuma cha ndani na cha nje. Inafanya kazi kwa kujinyonga kidogo huku na huku. Fundi akikaza bolti magurudumu yakiwa yananing'inia, bushi inafungwa katika mkao huo, na gari likishuka chini mpira unakuwa umenyongwa tayari, mchana na usiku. Hautachukua muda kupasuka. Mwambie kwa heshima: "Fundi, tushushe gari kwanza, tutikise, ndipo ukaze za mwisho." Fundi anayejua kazi atakubali bila neno. Anayekasirika amekuonyesha kiwango chake.

Siku hiyo hiyo fanya alaimenti, yaani kurekebisha pembe za magurudumu, na urekebishe taa za mbele zisiwachome wanaokuja. Kwenye Hilux nyingi za zamani na Land Cruiser za mfululizo wa 70 kuna valvu inayopima jinsi nyuma ilivyoshuka ili kugawa nguvu ya breki. Ukiinua nyuma, valvu hiyo inadhani gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma, lazima irekebishwe. Kampuni yako ya bima nayo iambie kwa maandishi. Pima pia urefu wa gari pamoja na keria ya paa kabla ya kuingia maegesho ya chini ya jengo la ofisi.

Baada ya kilomita 500 hivi, rudi bolti zikaguliwe, na toa tepu tena. Springi mpya hushuka kidogo, hilo ni kawaida. Upande mmoja ukiwa umeshuka kuliko mwenzake, mpelekee muuzaji vipimo vyako vya kwanza pamoja na risiti, na udai nyingine.